Kaka Alivyotusalimia kwa Ndege

Mwaka themanini na nne, dukani kwa Salum hapa Babati mjini, hapakuwa na cha kununua zaidi ya viberiti na maneno. Sabuni hakuna, sukari hakuna, lakini kila Jumapili baada ya misa benchi lilijaa watu waliokuja kumsikiliza kaka yangu Alois akisimulia urubani. Jeshi lilikuwa limemstaafisha kwa sababu ya masikio. Ulimi walimwachia.

Aliwapa watu mafunzo aliyoyapata huko juu. Kwamba ndani ya mawingu rubani hauamini mwili wake, anaamini mishale ya mitambo, maana mwili ni mwongo. Kwamba woga ukikujia, usiutangaze kwenye redio. Lakini hadithi waliyoipenda ni ya siku aliyopita Sigino, kijijini kwetu, na ndege ya kivita kumsalimia mama.

Alikuwa ametuma habari mapema. Mama akavaa gauni lake la Krismasi, akasimama uani na majirani wote. Mimi nilikuwa shambani nyuma ya maksai, kwa sababu mvua haimsubiri rubani.

“Nikashuka mpaka nikawaona kuku,” Alois alikuwa akisema Jumapili moja. “Nikamwona Marseli, mdogo wangu huyu, anakimbia kwa furaha na kunipungia mkono.”

Watu walinigeukia wakicheka. Nami nilikaa palepale nimenyoosha mguu wangu wa kulia, ambao haukunjiki.

Haukunjiki kwa sababu ndege ile ilipopita, maksai walipagawa. Kamba ilikuwa imenizunguka kiganjani. Waliniburuta shamba zima, plau ikirukaruka huku na huku, ikanipasua goti. Mama akanikataza kusema. Wakubwa wa Alois wakijua alishuka chini namna ile bila ruhusa, alisema, watamfukuza kazi. Basi Alois akaambiwa nimepigwa teke na maksai, nami nikanyamaza. Aliye juu mngoje chini. Sasa alikuwa chini, hana kazi ya kufukuzwa, na nilitaka jambo moja tu: ajue, aniambie pole. Mama alinisihi niendelee kunyamaza, eti hadithi hiyo ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Na mimi nilibaki na nini?

Nilimwambia Alois siku hiyohiyo, tukiwa mezani. Nilimwambia yote, kwa hasira, wala sikuchagua maneno. Alois akaacha kutafuna.

“Ulipunga mkono,” alisema. “Nilikuona kwa macho yangu.”

“Sikupunga, kaka. Mkono ulikuwa umefungwa na kamba. Nilikuwa navutwa.”

Alimtazama mama. Mama aliendelea kupakua mboga, kisha akasema taratibu kwamba ni kweli. Alois akanawa, akatoka, chakula chake kikapoa pale mezani. Nilifurahi, sifichi. Nilidhani aibu imemkamata, na kwamba pole yangu iko njiani.

Wiki nzima hakunisemesha. Nikimpa shikamoo asubuhi, aliitikia marahaba huku akiangalia mlima, kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea yeye.

Jumapili iliyofuata mama alifuatana nasi mpaka kwa Salum, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Watu wakaomba ile ya Sigino. Nikasema moyoni, leo ataikataa, au ataisema ilivyokuwa. Alois akaanza: gauni la mama, majirani, kuku. Alipofika shambani alisita, akanitazama usoni, nami nikamkazia macho. Alijua. Hakuwa tena na mawingu ya kusingizia.

“Na huyu hapa,” alisema, “alikuwa anacheza kabisa.” Akainua mkono wake juu, akaupunga, kuwaonyesha nilivyofanya.

Wa kwanza kucheka alikuwa mama.