Njahi Sikioni mwa Ndambiri

"Mikono juu ya magoti," Wambura alimwambia Kithaka nyuma ya ghala la mahindi, wageni wengine wa posa wakiwa bado wanapangusa matope viatuni. "Usiguse kijiko, usiguse kisoda, usiguse kitu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Wambura hakumwamini hata kidogo, na nani angemwamini? Kithaka alikuwa mhudumu wa hoteli mjini Embu, na wateja waliagiza chai ya pili wasiyoitaka ili tu waone kisoda, kile kifuniko cha chupa, kikipotea kiganjani mwake na kuibuka chini ya sahani ya chapati. Alifundishwa na mzee mmoja muuza nyama wa Majengo, kule Meru, kwa sharti kwamba asimwonyeshe mtu yeyote jinsi inavyofanyika. Wambura alikuwa amembembeleza amwonyeshe tangu wajuane. Alinuna, akatishia kumwacha. Wapi! Kijana alicheka tu na kumchomolea kibiriti kwenye kilemba.

Shida ni kwamba kwao Kithaka ni Kiambere. Mwaka ule bwawa lilikuwa linajengwa huko na nchi nzima ikizungumzia umeme, lakini pale Kianjokoma, kwao Wambura, ukitaja Kiambere watu walikuwa bado wanakuuliza habari za waganga wanaochomoa mifupa na mbegu mwilini mwa wagonjwa. Walioyasema hayo kwa sauti kubwa zaidi hawakuwahi kufika huko hata siku moja. Nyanya Teresia, Cucu kama walivyomwita, aliyemlea Wambura tangu wazazi wake wafariki, alikuwa ameshatoa neno lake: akiona dalili moja ya uganga, posa imekwisha, na asisikie mtu akiitaja tena. Na Teresia hakuwa mtu wa kubembelezwa.

Basi wageni wakaketi, wakaombewa, wakapewa chakula. Mzee Kathuri, ami yake Kithaka na msemaji wa ujumbe ule, alizungumza vizuri kabisa. Mikono ya Kithaka ilirudi magotini baada ya kila tonge kama imeshonewa pale. Wambura, aliyekuwa akipita na birika, alianza kupumua.

Lakini Ndambiri, baba mdogo wake Wambura, hakujua kula bila kusema. "Nyinyi watu wa Kiambere," alisema huku akitafuna, "si ni kweli huko kwenu mnatoa watu vitu ndani ya mwili? Mimi mgongo unaniuma. Hebu nitoe!"

Watu wakacheka. Kithaka naye akacheka kwa adabu. Punje moja ya njahi, yale maharagwe meusi, ikamdondoka Kithaka kutoka kwenye sahani, ikatua gotini, karibu na kidole. Wambura aliiona. Alitikisa kichwa, akatumbua macho, akakaribia kumwaga chai. Bure! Mkono ule ulikuwa umeshaondoka wenyewe. Njahi ikaonekana, ikapotea, na kufumba na kufumbua Kithaka akainama na kuichomoa sikioni mwa Ndambiri.

Ndambiri akaruka na sahani yake. "Mmeona? Mmeona wenyewe! Ametoa kitu kwa mwili wangu!" Wanawake waliokuwa mlangoni wakaanza kukemea kwa jina la Yesu. Mzee Kathuri akajifunika uso kwa kofia. Wambura alitamani kulia na wakati uleule kumpiga Kithaka na birika.

Teresia akainuka. "Wewe kijana, kuja jikoni. Na wewe mwari."

Jikoni moshi ulikuwa mwingi. Teresia aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono. "Kama ni dawa, toka na huo mlango wa nyuma, usiage mtu. Kama ni mikono, nionyeshe."

"Cucu, ni mikono. Lakini niliapa nisionyeshe. Hata Wambura sijamwonyesha."

"Basi mlango ni huo."

Kithaka akautazama mlango. Akamtazama Wambura. Kijana akapiga magoti mbele ya mafiga na kukifungua kiganja chake polepole. Njahi ilikuwa pale, imebanwa penye mzizi wa vidole viwili.

"Ukifanya mkono uwe mlegevu, Cucu, mtu anadhani hauna kitu."

Teresia akainama, akakodoa macho. Ghafla akapiga kelele ya kicheko. "Ni hii tu? Si ndivyo tunachambua njahi! Mbovu unaibana hapa, nzuri unaendelea kuokota!" Akachukua punje ile, akaibana, akachezesha vidole vilivyochambua njahi maisha yake yote, na kiganja kikawa kitupu. Kilikuwa kitupu kabisa! Hata Kithaka alitafuta asione.

"Cucu!" Wambura alishika mdomo.

"Rudia ile ya sikio," Teresia aliamuru, macho yakimng'aa. "Haraka, kabla hawajaondoka."

Ujumbe ulikuwa tayari umesimama. Teresia akaingia sebuleni, akaenda moja kwa moja kwa mzee Kathuri kana kwamba anataka kumuaga. Akaonyesha mkono mtupu huku na huku, akaupeleka nyuma ya sikio la mzee na kuibuka na njahi mbichi kabisa, aliyoitoa jikoni. Mtu mmoja akapiga mayowe. Ndambiri akaketi chini bila kutazama kama kuna kiti, na kiti hakikuwepo.

"Sasa na mimi niite mganga," Teresia alimwambia. "Hebu niite!"

Ndambiri hakumwita. Kicheko kilianzia kwa wanawake wa mlangoni, kikazunguka nyumba nzima, na Wambura akajikuta akicheka huku machozi yakimtoka.

Mzee Kathuri alikuwa bado anajipapasa sikio. "Mama, tafadhali. Umefanya namna gani?"

"Hiyo ni siri ya nyumba hii, na wewe ni mgeni." Teresia akamshika Kithaka bega na kumvuta kwenye benchi la wenyeji, akamketisha kando ya Wambura. "Muulize huyu mtoto wangu. Lakini nimemkataza asiseme."