Tone Kwenye Kitufe

Rudayna alikuwa akipanua picha ya tone kwenye kitufe cha kuripoti ukosefu wa maji katika tovuti ya kampuni ya maji, tone hilo lilipodondoka juu ya kibodi. Akafuta kwa mkono wa sweta. Likadondoka jingine.

Kazi ya kutengeneza tovuti alijifunza mwenyewe, kwa kujaribu na kukosea, kwa hiyo alijaribu. Aliondoa picha, akaweka nukta ya buluu, alama ya maandishi ya kawaida. Nukta ilibaki kavu. Aliporudisha picha, maji yakatiririka hadi ukingoni mwa meza. Akayaonja. Yalikuwa safi.

Akamwita Umm Qutayba, jirani yake wa ghorofa ya chini. Kilima chao cha Amman kilipangiwa maji kila Jumanne, lakini Jumanne zilipita na matangi ya juu ya paa yakabaki matupu. Mume wa Umm Qutayba alikuwa mgonjwa wa kitandani, na hakuwa ameogeshwa tangu kabla ya Ramadhani.

Umm Qutayba alitega beseni chini ya kompyuta. "Si ya moto?"

"Baridi tu, mama."

"Basi nitayachemsha."

Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa umefungua tovuti na kuegemeza simu kwenye midomo ya madumu. Ugomvi pekee ulihusu ukubwa wa vioo vya simu.

"Simu ya mkweo kubwa kama sinia, halafu unakinga kwa kibirika!"

"Na wewe hiyo yako inatoa machozi. Kalie nayo kwenu!"

Mkurugenzi wa kampuni ya maji, Ustadhi Nidal, aliyempa kazi ya tovuti, akapiga simu. "Rudayna, toa hiyo picha. Weka nukta. Alama ya maandishi ni nyepesi, inafunguka haraka."

"Hayo ndiyo niliyokueleza mimi, ustadhi. Ukasema nukta ni umaskini, unataka picha."

"Sasa nataka nukta. Maji hayo hayapiti kwenye mita."

"Fungua bomba la kilima, nami nitaweka nukta hata kumi."

"Bomba lina ratiba yake. Kazi nitampa mwingine."

"Mpe. Nywila ninayo mimi. Na huyo mwingine mwambie aje na ndoo."

Mkurugenzi akakata simu. Rudayna hakumtukana. Labda alikuwa na wakubwa wake. Kule kwenye majumba ya matajiri, magharibi mwa mji, bustani zilikuwa zikinyweshwa kama kawaida, na hakuna aliyepeleka fundi kilimani.

Akaanza kuongeza tone kwenye kurasa nyingine, moja baada ya moja: mwanzo, historia ya kampuni, kisha uongozi, pembeni ya picha ya Ustadhi Nidal akitabasamu. Ghorofa ya chini, Umm Qutayba alikuwa akimsugua mumewe mgongo, na mzee akilalamika kuwa sabuni ni nyingi.

Ulibaki ukurasa wa majibu kwa wateja. Ulikuwa mweupe; tangu tovuti ifunguliwe, kampuni haikuwa imemjibu mtu yeyote. Rudayna aliutazama, akapima nafasi yote ile tupu, akaona tone litakaloijaza linahitaji kuchorwa upya, kwa utulivu. Akahifadhi kazi, akauacha hadi kesho, akaenda kutafuta pipa.