Chokoleti za Mama Evelyn

Kwa fundi magari wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kitu kilichokwama hakibembelezwi. Beringi imegoma kutoka? Ipashe moto, itaachia. Severine alikuwa ameishi na kanuni hiyo tangu alipoteremka kutoka Moshi akiwa kijana, na haikuwahi kumwangusha, mpaka jioni ile aliposimama jikoni kwake, mgongo ukimuuma, mbele ya kalibu ya marehemu mkewe, Celina: trei ya plastiki yenye vishimo vya umbo la ua.

Kesho yake ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ya Evelyn, binti yake wa pekee. Desturi ni bibi harusi kuwalisha wazazi keki ukumbini, baba kipande, mama kipande. Evelyn alishasema keki hiyo haitaki, maana mama hayupo. Celina enzi za uhai wake alimtengenezea chokoleti kila siku ya kuzaliwa, akamlisha kwa mkono wake, mwenyewe haonji hata moja. Basi Severine, bila kupima maneno, akaahidi kwamba chokoleti zitakuwepo na atazitengeneza yeye. Kweli mdomo uliponza kichwa.

Alirudi kutoka gereji amechoka hoi. Akayeyusha chokoleti juu ya sufuria ya maji moto, akaimimina kwenye kalibu, akasubiri. Ilipoanza kuganda aligonga, haikutoka. Akafanya alichokijua: akaikalisha kalibu kwenye maji ya moto, na maua yote yakageuka uji. Akaanza upya, subira ikamwishia, akapasha tena. Nyingine ilimwagika, nyingine iliingia maji ikaharibika, na iliyobaki ilitosha vishimo viwili tu. Akaketi kwenye kigoda. Alitaka kulia, lakini hata nguvu ya kulia hakuwa nayo.

Bi Nasreen, jirani wa mlango wa pili anayeuza barafu, alisikia kugongagonga kumekoma ghafla, akaja kuchungulia. Alisimuliwa kisa chote, akacheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akaichukua kalibu ikiwa na yale maua mawili ya mwisho.

"Baba Evelyn, hii si gari," alisema. "Naipeleka kwenye friza. Ikipoa inasinyaa, inatoka yenyewe. Wewe kaa mbali nayo."

Severine alisinzia palepale, kichwa ukutani. Alipoamshwa, Bi Nasreen aligeuza kalibu juu ya sahani, na maua mawili yakadondoka mazima.

Siku ya pili, katika ukumbi wa Ilala, mshereheshaji akawaita wazazi wa bibi harusi. Severine akaenda mbele peke yake, suti inambana, miguu mizito. Evelyn akamlisha ua la kwanza. Halafu akabaki ameshika sahani, macho yamemjaa machozi, hajui la pili ampe nani. Severine akalichukua lile ua kwa vidole vyake ambavyo sabuni ilishindwa kuvitoa grisi, akamsogezea binti yake mdomoni.

"Fungua mdomo, mwanangu," alisema. "Mama yako hakuwahi kula la kwake. Alikuwa anakulisha wewe."

Evelyn akatafuna taratibu.

"Za Mama zilinukia vanila," akasema. "Hii inanukia wewe, Baba."

Hapo ndipo Severine alipopata nguvu ya kulia.