Vidonge vya Marehemu

Walipogawana vitu vya marehemu Edmund, koti lilikwenda kwa kaka yake na nyavu kwa watoto. Makopo matatu ya vidonge vyake vya kupunguza mafuta kwenye damu hayakupata mtu. Mjane wake, Marselina, akayachukua. Kila jioni alimeza kimoja, saa ile ile aliyozoea kumhimiza mumewe ameze. Aliona ni namna ya kuendelea kumtunza.

Kwa hiyo hospitalini, kabla ya kupasuliwa, nesi Sekela alipomuuliza kama anatumia dawa yoyote, alijibu kwa moyo mweupe kwamba hatumii. Vile vilikuwa vya Edmund.

Uvimbe wa tumboni ulitolewa salama. Marselina akaamka, lakini aliamka peke yake. Mwili ulibaki umelala. Aliyaagiza macho yafumbuke, hayakufumbuka. Aliagiza kifua kivute hewa, kikakaa kimya. Hewa iliingia kwa kusukumwa na mtu aliyekuwa akiminya mfuko wa mpira. Alimsikia Jonas, mtaalamu wa usingizi, akisema taratibu kwamba dawa ya kulegeza misuli ilipaswa kuwa imekwisha zamani. Kisha wakaanza kumwita jina, tena na tena, kwa sauti ile watu wanayomwitia maiti kabla ya kukubali.

Alitaka kuwaambia yumo. Hakuona pa kutokea.

Chozi ndilo lililopata njia. Sekela akaliona likiteremka kuelekea sikioni, akalifuta kwa kidole, akainama.

"Bibi, najua unanisikia. Tutakupumulia mpaka uweze mwenyewe."

Jonas akamwongezea usingizi ili asiteseke. Marselina akazama, asijue kama atarudi.

Alasiri kidole gumba kilitikisika. Baadaye kifua kikavuta hewa chenyewe, na bomba la kupumulia likatolewa kooni.

Jonas akauliza upya, safari hii ni kitu gani anachomeza kisicho chakula. Akaambiwa. Akaeleza kwamba kwa baadhi ya watu vidonge vile huenda vikachelewesha misuli kurudiwa na nguvu. Hakuwa na hakika ndivyo vilivyofanya, ila alipaswa kuambiwa mapema.

"Lakini si vyangu, mwanangu. Ni vya Edmund."

"Aliyevimeza ni nani, bibi?"

Marselina alikuwa akikitazama kifua chake kikipanda na kushuka chini ya shuka, akiogopa kuondoa macho. Sekela akavuta kiti, akamwambia alale tu, atakiangalia yeye.