Simu Iliyozoea Kauli ya Marehemu

Tunaanza kwa jina la Mola aliyefunza kwa kalamu, na rehema zimshukie Mtume Wake na jamaa zake.

Waliomo katika habari hii ni watatu: fundi cherehani mzee, bintiye wa pekee aliye muuguzi katika mji wa mbali, na mama wa binti huyo, ambaye mwaka wa pili huu yu kaburini.

Enzi za uhai wake, mke ndiye aliyewaandikia wateja kwa simu ya dukani, Androidi yenye ufa kiooni. Kila mteja alimwita "mwanangu", hata askari mwenye mvi. Simu ikaizoea kauli yake. Alipofariki, fundi akagundua kwamba akiandika "Nguo" tu, juu ya vibonye hujitokeza neno lifuatalo, na akiligusa huja jingine: yako tayari mwanangu njoo kabla jua halijawa kali. Hakumpelekea mtu. Alisoma, akafuta, akarudi kwenye pindo la suruali.

Binti akaja likizoni na Aifoni ya kumpa baba, aina ya ile yake mwenyewe, apate kumwona kwenye ramani. Kwani mwezi uliopita mzee alipotea akirudi sokoni. Fundi akatoa visingizio: mara chaja si moja, mara hakioni kibonye cha kurudi nyuma. Sababu ya kweli aliionea haya.

"Baba, unaing'ang'ania kama mahari," binti akatania. "Nitahamisha kila kitu. Picha, namba, jumbe zote za mama."

"Zote?"

"Hata herufi moja haitapotea."

Mzee akaridhika, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporejea, picha zilikuwepo, jumbe zilikuwepo, na simu ya zamani imekwishafutwa, apewe jirani.

Akaandika "Nguo". Aifoni ikampa "za", "na", "hiyo". Akaichukua ya zamani, akaandika vilevile. Nayo haikumjua yeyote.

"Kuna kilichokosekana, baba?"

Fundi akaiona furaha usoni mwa mwanawe. "Hapana, mama. Kila kitu kipo."

Kesho yake binti akasafiri. Dukani suruali nne zilikuwa tayari, wala hakuitwa mteja. Kwenye ramani, doa la buluu lililomwonyesha mzee halikusogea kutwa nzima, na binti akashukuru kwamba baba yuko salama.

Ewe Mwenye kurehemu, mnyanyue daraja aliyetangulia. Na waliobaki, yule anayeficha na yule asiyejua, wamiminie subira.