Sauti Bila Kikohozi

...na hata hakukohoa, hilo ndilo alilojikuta akiliwaza, hedifoni zikimbana masikio na sauti ya mume wake ikimwambia mtu asiyeonekana, ndugu yangu, shika mkono wangu, tutapanda pamoja, sauti ileile, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni kama mlango wa bati unaofungwa taratibu, lakini hakukohoa kabla ya kuanza, na mume wake hakuwahi kuanza sentensi bila kukohoa kwanza, hata ya kuomba chumvi... "Shemeji, inasikika vizuri?" fundi sauti anauliza akiwa upande wa pili wa kioo, naye anaitikia kwa kichwa, kusema mbele za watu kulimshinda tangu shuleni, na fundi huyu hana ubaya, anamwita shemeji tangu siku ya harusi alipokuja na spika begani akagoma kulipwa, ndiye aliyekuja nyumbani kulieleza jambo lenyewe, akakaa ukingoni mwa kochi, chai ikampolea mkononi, akasema inakuja filamu mpya ya yale majitu ya chuma, safari hii ni katuni, inaeleza yalikotoka, jinsi adui mkubwa na shujaa walivyokuwa marafiki wa kufa na kuzikana kabla hawajageukana, na adui huyo kwa Kiswahili watu wanamjua kwa sauti moja tu, ya marehemu, akiwekwa mwingine watamcheka, sasa kuna mtambo, tumeulisha kanda zake zote, unaweza kusema maneno mapya kwa sauti yake, ila bila wewe kukubali hatufanyi, shemeji... na mama mkwe, aliyekuwa akikunja nguo za mtoto, hakungoja aulizwe, kubali mwanangu, alisema, nimsikie mara moja tena, tena kabla hajawa mbaya, maana bibi yule hakuwahi kumsamehe mwanawe kwa uadui wake, kila filamu ikiisha alimsuta, wenzako wanaokoa watu, wewe unabomoa madaraja, ndivyo nilivyokulea? naye akicheka, mama, madaraja yenyewe ni ya kompyuta, na mama akijibu, hata kama, yanauma roho... akicheka mpaka kikohozi kimkatize, na wao wakadhani ni vumbi, wakadhani ni mazoea, jinsi mtu mwingine anavyojikuna shingo, nani angejua... ndoo ya kufulia, ile ya buluu, alikuwa akiingiza kichwa humo jioni kufanya mazoezi, eti chuma hakina pua, sauti ya chuma hutoka tumboni, majirani wakambatiza Ndoo, jina likamganda mpaka kazini, na yeye mkewe akisimama na nguo chafu mikononi, wewe, nipe ndoo yangu, na kutoka ndani ya ndoo sauti ikijibu, binadamu, sayari yako imekwisha, na sabuni yako pia... "Chukua muda wako, dada," anasema msimamizi wa studio, mwanamke aliyevaa miwani kichwani, lakini mguu wake unatikisika chini ya kiti, na mguu unasema kweli kuliko mdomo, "ni vile tu tungependa kuanza kurekodi wiki hii," kurekodi nini, anawaza, wakati hakuna atakayesimama mbele ya kipaza sauti... na yeye hakuja kusumbua, alikuja kukubali, ndiyo yake ameibeba tangu nyumbani kama mtu anavyobeba mayai, kwa ajili ya mtoto, mtoto aliyezaliwa babake akiwa ameshazikwa, anayebusu picha ukutani mpaka kioo kinakuwa na ukungu wa mate, halafu anageuka na kuuliza, haongei? na mama hana la kumjibu, leo angekuwa nalo, angesema, anaongea, twende tukamsikie, wangekaa gizani mtoto mapajani, jitu kubwa la chuma lingefungua kinywa, angemnong'oneza sikioni, huyo... fundi anabonyeza, sauti inacheka, kicheko kizuri, kirefu, kinafika mwisho wake bila kukwama popote, na anashindwa kujizuia, anauliza, kwa sauti ndogo kiasi kwamba fundi anasogeza sikio kwenye spika, "vikohozi viko wapi?" "Tuliviondoa vyote, shemeji," anasema kwa fahari ya mtu aliyekesha, "kanda zilikuwa zimejaa, tukachambua kimoja kimoja, sasa ni safi kabisa," na ni kweli, ni safi, ni mume wake akiwa amepona, hilo ndilo linalomvunja, kwamba wamemponya, wamemponya akiwa ameshakwenda, na moyo wake umekwisha kuipenda sauti hii iliyopona, unataka zaidi, bonyeza tena... anajaribu kumkumbuka akiomba chumvi, na kumbukumbu inakuja bila kikohozi, safi, anairudia, inakuja safi vilevile... "Halafu nilitaka kukufurahisha," fundi anaendelea, vidole vimeshakaa juu ya vibonye, "ukitaka hata imwambie mtoto neno, si la filamu, lenu ninyi, mimi naandika tu, yenyewe inasema, jina lake, lala salama, chochote, niandike nini?" na hapo ndipo chumba cha studio kinapomtoka, yuko kando ya kitanda chembamba cha wodini, mkono wa mume wake umelala juu ya tumbo lake la mimba, naye anasema, mwambie... anakohoa, anavuta hewa, mwambie... na mkewe anamwekea kidole midomoni, nyamaza, daktari amesema upumzike, tunza sauti yako, utamwambia mwenyewe, na yeye, mtu aliyebomoa madaraja, akatii, akafumba macho, kulipokucha hapakuwa na wa kusema... mwambie nini? amejaza neno hilo kwa maneno mengi tangu hapo, akifua, akinyonyesha, akisubiri maji yachemke, kila siku jingine, na hakuna hata moja alilodiriki kumpa mtoto na kusema, hili ni la baba... na sasa lolote linawezekana, nakupenda mwanangu, uwe na adabu, msikilize mama, yeye ataje tu na sauti itatamka, mtoto ataamini, atakua akiamini, na mama peke yake ndiye atakayejua kwamba aliyeongea ni yeye, na hata filamuni, gizani, akimnong'oneza huyo, atakuwa amesema uongo... ile ndiyo yake aliyokuja nayo, anaitafuta, haipo, kuna hapana, imesimama kooni, kavu, hajawahi kumwambia hapana mtu aliyemfadhili, na nyumbani bibi wa watu ameketi anangoja kumsikia mwanawe... "Shemeji?" anasema fundi kwa upole, "niandike nini?" mguu wa msimamizi unatikisika, vidole havijatoka kwenye vibonye, na masikioni mwake hakuna kitu, hakuna hata pumzi, mtambo umenyamaza tu, haunyamazi kama yule aliyekuwa na jambo akazuiwa kulisema.