Blanketi Lililobaki Uani

Siku mke wa fundi cherehani alipotoka nyumbani na begi dogo kwenda kulazwa, hakuaga. Alisimama kizingitini, akashika fremu ya mlango mpaka kikohozi kilipompisha, ndipo akasema, "Mablanketi yangu usije ukayadekeza."

"Sasa niyafanyeje?" fundi akauliza kwa meno, maana alikuwa ameuma pini, anapinda gauni la mteja.

"Usiyafanye kitu. Yaache na shida zao."

Teksi ikapiga honi. Fundi akatema pini kiganjani, akambebea begi mpaka kwenye gari, akarudi kumalizia pindo. Gauni lilikuwa linasubiriwa, na hospitali haikuwa mbali. Alijiambia atakwenda jioni. Jioni alikwenda. Alikuta kitanda kimetandikwa shuka safi, na nesi akamwomba akae kwanza.

Hayo mablanketi yalikuwa mimea mitatu uani. Marehemu alikuwa dobi wa hospitali. Mvuke na dawa za kufulia vilimkaa kifuani, na mfanyakazi mwenzake mmoja akampa mbegu ndogo kama vumbi la ugoro, akamwambia majani yake yakichemshwa huwa yanatuliza kifua. Jina la mmea lilitajwa mara moja likasahaulika palepale. Majani yalikuwa mapana, ya kijivujivu, yamejaa manyoya, yamejilaza chini kwa duara; ukiyashika ni kama umeshika blanketi la mtoto mchanga. Basi yakaitwa mablanketi.

Fundi mwenyewe hakuyajua kwa karibu. Cherehani yake aliiweka kwa namna ambayo dirisha lilikuwa nyuma yake, ili mwanga upite begani na kuangukia kitambaa. Kwa hiyo miaka yote ya ndoa yao, ule ua ulikuwa mgongoni mwake. Alichokijua vizuri ni kikohozi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba, na bila kuinua kichwa alikuwa akijua mkewe yuko wapi. Kikohozi cha jikoni kilikuwa kikavu. Cha uani kilichukuliwa na upepo nusu njia. Cha chumbani kilizimwa na mto, kwa sababu hakutaka kumsumbua.

Watu walipotawanyika baada ya mazishi, nyumba ikanyamaza mpaka masikio yakawa yanamuuma. Fundi akachukua ndoo.

Alimwagilia asubuhi, akamwagilia jioni. Mtu ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu akaenda kuomba samadi kwa jirani, akairundika mpaka majani yakawa yamekaa kama kuku kwenye kiota. Mwanzoni majani yalivimba, na fundi akafurahi, akaona ameweza. Kisha yakaanza kuwa meusi katikati, yakanuka kama nguo iliyosahauliwa majini. Mmea wa kwanza ukalala. Wa pili ukafuata. Ulibaki mmoja tu, ule wa kando ya jiwe la kufulia, ambao ulikuwa kwenye kokoto na ndoo ilikuwa ikiishiwa maji kabla ya kuufikia.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa mpishi wa shule na alikuja kila Jumapili kumwangalia. Jumapili moja alisimama uani mikono kiunoni, viatu vimezama kwenye tope.

"Shemeji, hapa umepanda mpunga?"

"Nilikuwa nayatunza."

"Umeyaogesha mpaka yamekata roho! Dada alikwambiaje?"

"Alisema nisiyadekeze."

"Na wewe?"

Fundi akaitazama ndoo kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Hii mimea inapenda jua na mawe," shemeji akasema. "Mzizi wake unashuka chini kujitafutia. Ukiulisha na kuunywesha, unaoza. Tena usije ukasema unauhamisha, ukiukata mzizi ndiyo basi. Hebu lete hiyo ndoo."

"Ya nini?"

"Naondoka nayo. Wewe si mtu wa kuachiwa ndoo."

Akaondoka nayo kweli.

Wiki hiyo fundi alichuma jani moja la chini kwenye ule mmea uliobaki, akalichemsha. Alikuwa amemwona mkewe akifanya hivyo mara nyingi, au tuseme alikuwa amemsikia. Alimimina kwenye kikombe cha mkewe, chenye mkono uliomeguka, akanywa. Manyoya ya jani yakamshika kooni. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, ameegemea meza ya jikoni. Kikohozi kikaenda ukumbini, kikagonga mlango wa chumbani, kikarudi.

Kilikuwa kikavu. Kilikuwa kile kile cha jikoni.

Fundi akageuka kutazama. Hakukuwa na mtu, kwani angekuwa nani? Lakini aligeuka, na katika ule muda wa kugeuka alikuwa na mke.

Siku ya pili akachemsha jani jingine. Safari hii alijua anachokifanya.

Shemeji alimkuta hivyo, macho mekundu, kikombe mkononi. Akakichungulia kikombe, akaona manyoya yanaelea.

"Hukuchuja?"

"Huwa inachujwa?"

"Shemeji jamani! Dada alikuwa anachuja kwa kitambaa, mara mbili. Vile vipande vyako vya popolini unafikiri vilikuwa vinakwenda wapi? Utajitoboa koo bure."

"Sawa," fundi akasema.

Lakini shemeji alipoondoka hakuchuja. Alichuma jani dogo, na alikuwa akichuma kwa kubania, kama mtu mwenye kipande cha mwisho cha kitambaa asichoweza kukipata tena dukani.

Joto lilipoanza, katikati ya ule mmea pakatoka shina. Lilipanda moja kwa moja, nene, limevaa manyoya yale yale. Fundi, kwa mazoea ya kazi, akalipima kwa tepu yake. Vipimo vya marehemu alikuwa navyo kichwani, wala hakuhitaji kuvikumbuka. Vilikaa huko kama njia ya kwenda chooni gizani. Shina likafika kwenye goti. Likafika kiunoni. Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi alitoka na tepu shingoni, na siku lilipofika begani, pale alipokuwa akimwekea mkewe alama ya chaki, alisimama karibu nalo kwa muda mrefu, mpaka mteja akaita hodi mara tatu.

Ila majani ya chini yalikuwa yanaanza kuwa ya njano. Alimwonyesha shemeji.

"Ndiyo linakwisha hivyo," shemeji akasema. "Mwaka wa kwanza majani. Wa pili linasimama, linatoa maua, linakufa."

"Na nikilikata hili shina kabla halijatoa maua?"

"Litasogeza siku kidogo. Majani yatakaakaa. Lakini mbegu hupati."

"Mbegu za nini mimi? Nalitaka hili. Hili alilipanda mwenyewe. Lipo hapa tangu tunahamia."

Shemeji akaanza kucheka, akaona uso wake, akaacha.

"Shemeji," akasema polepole, "unafikiri ni lile lile?"

"Kwani?"

"Toka mmehamia? Kila mwaka alikuwa anapanda. Moja linakufa pale, jingine lina majani huku. Kila mwaka, shemeji. Wewe ulikuwa huoni?"

Fundi akaangalia kokoto, akaangalia dirisha lake. "Nilikuwa nashona," akasema.

"Ah, kushona." Shemeji akamgusa bega, akaingia ndani kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Asubuhi iliyofuata fundi alitoka na mkasi. Ulikuwa mkasi wa kitambaa, ule mkubwa, ambao marehemu hakuruhusiwa kukatia hata karatasi na ambao alikatia kamba ya kuanikia kila fundi alipotoka. Usiku kucha alikuwa amejadiliana na nafsi yake, na alikuwa ameshinda: mbegu angezipata kwa mtu mwingine baadaye, lakini hili moja lilitoka kwenye kidole cha mkewe, na majani yake ndiyo yaliyokuwa yakimpa kile kikohozi. Akafungua mkasi, akauweka kwenye shina.

Shina lilikuwa limemzidi mkewe kimo. Hakuliona likipita, maana tangu lifike begani hakuwa amelipima tena. Na kwenye ule msongamano wa vichwa vya kijani pale juu, ua moja lilikuwa limefunguka. La njano, dogo, jembamba kama karatasi. Mbali kidogo kulikuwa na jingine, na jingine upande wa nyuma, bila mpangilio wowote, kama vifungo vilivyoshonwa na mwanafunzi siku yake ya kwanza.

Mara ngapi yeye alisimama hapa akiangalia hivi, fundi akawaza, na mimi nimempa mgongo. Mara ngapi aliliona moja likikauka, akainama kwa kile kifua chake, akapanda jingine, akarudi ndani bila kusema.

Aliufunga mkasi. Akaingia ndani, akatafuta kwenye kapu la vipande, akatoka na utepe wa kitambaa cha bluu chenye nukta, cha gauni alilokuwa akimshonea mkewe, ambalo lilibaki bila mikono. Akalifunga shina kwenye nguzo ya kamba ya nguo, kwa kulegeza, ili upepo usilivunje.

Jioni ua la kwanza lilikuwa limeanguka. Asubuhi yake yakafunguka mengine. Hayakukaa hata siku mbili, na ukichelewa huyaoni, kwa hiyo fundi akaigeuza cherehani ikatazama dirisha. Sasa mwanga ulimpiga machoni badala ya kuangukia kitambaa, na mwalimu mmoja akarudisha sketi akisema pindo limekwenda safari. Fundi akalifumua, akaomba radhi. Cherehani hakuirudisha.

Shina lilipokauka, likiwa la kahawia na gumu kama fimbo, shemeji alikuja wakalikung'uta pamoja. Mbegu zikamwagika kwenye kokoto. Fundi akaanza kuzivutia udongo kwa kiganja.

"Usizifukie! Zinataka mwanga. Zigandamize tu."

"Kila kitu chake ni kinyume."

"Kama mwenyewe," shemeji akasema, na wote wawili wakacheka, kisha wakabaki wamechuchumaa hapo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinuka.

Sasa yapo tena mablanketi madogo kando ya jiwe la kufulia, na mengine yamejiotea kwenye ufa wa saruji, ambako fundi anafagia kwa kuzunguka. Ndoo bado iko kwa shemeji. Majani anachuma machache, anachemsha jioni baada ya kufunga kazi, na anachuja kwa popolini mara mbili.